Firigisi

Kitabu kilikuja katika sanduku la msaada,
jalada limeguguywa na mende, kurasa za mwanzo hazipo.
Kazi yangu ni kupangusa vumbi katika maktaba ya Kaloleni
na kuwanyamazisha watoto wa shule.
Lakini mvua ikinyesha haji mtu, nami husoma.

Nikasoma habari za Hawaii ya kale,
visiwa ambako ndizi ilikuwa ya kiume.
Mwanamke akiimenya, amejimenyea kifo.
Nazi vilevile, na nguruwe, na samaki kadha wa kadha:
hiyo ilikuwa miili ya miungu, na miungu ilikuwa na ndevu.
Waume walikula kwao, wake kwao,
tanuri mbili ardhini, mioshi miwili,
ikikutana juu ambako hakuna wa kuikataza.

Kivuli cha mkulima kikigusa nyumba ya mtukufu,
mwenye kivuli alilipa kwa shingo.
Na wapo waliotukuka mno, kila awaonaye sharti alale kifudifudi,
hata wakachagua kutembea usiku
ili watu waweze kulima mchana.
Hapo nilicheka peke yangu.
Wakubwa wetu hupita Barabara ya Jogoo saa mbili asubuhi,
na ving'ora.

Chini ya wakulima kulikuwa na wengine, wenye alama usoni.
Kitabu kimewapa mistari minne.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili:
mwiko wa kusongea ugali,
na mwiko wa kufunga mdomo.
Vyote viwili hukaa jikoni.
Wa kwanza ameushika mwanamke. Wa pili umemshika yeye.

Kwetu nyanya huitwa kukhu.
Watoto wa mjini husikia kuku, wakacheka,
wala hawajui utani huo ulivyo mkali:
Kukhu Nabwile hajawahi kumwonja kuku.
Amewachinjisha, amewanyonyoa, amewachemsha,
amewagawa kwa kufuata vyeo:
paja la mgeni, kidari cha wazee,
na firigisi, ambayo ni moja tu,
ya mwenye nyumba.

Basi ukurasa wa mia mbili na kitu
mfalme kijana, katikati ya karamu,
alizizunguka meza mara mbili, tatu,
kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta,
kisha akaketi na wanawake, akala.
Kwa pupa, kinasema kitabu.
Watu wakangoja. Bahari haikupanda.
Yasemekana mama yake na mjane wa babaye
walikuwa wamemsukuma muda mrefu,
lakini meza ikaandikwa jina lake.

Jumapili tulikula kwa ami Wafubwa,
kuku wawili wa soko la Burma.
Baba yangu yuko kaburini tangu Machi,
kwa hiyo ami akaninyoshea bakuli: firigisi, sasa ni yako.
Nikasimama. Moyo ulinidunda kama wa mfalme.
Nikazunguka meza, nikapiga goti,
nikaiweka katika sahani ya Kukhu.

Ami akakohoa. Shangazi akafunga bomba la maji ili asikie.

Kukhu aliitazama kwa muda,
akaigeuza kwa kidole, kama mtu akaguaye noti.
"Themanini na mbili," akasema,
"chumvi ya mchuzi naijua kwa pua.
Leo wewe umesoma kitabu, ndipo nile?"

Nikajibu sijui nini. Kwamba zamani zimepita.
"Zimepita wapi? Mimi niko hapa."

Akatoa karatasi ya shashi, akaifunga ile firigisi
mara mbili, taratibu, akaitia mkobani
kati ya kitambulisho na nauli.
"Nitaila siku yangu. Na usinichungulie."

Jumatatu nilikirudia kitabu.
Nilitaka kujua kama wanawake wale walimenya ndizi palepale,
mbele ya macho yote yale,
au walienda nazo nyumbani.
Kitabu kinaeleza mfalme alivyotafuna.